Kumlea Kangal Awe Mlinzi wa Mbuzi

Kangal ni mbwa wa wafugaji wa mkoa wa Sivas, Uturuki, ambako hulinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu. Dume huwa na kilo 50 hadi 65, jike 40 hadi 55. Nchini Namibia, tangu 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa jamii hii ili mbuzi wasiliwe na duma, naye duma asipigwe risasi. Mbwa huyu hachungi wala haendi kuwinda. Hukaa kundini, hunusa upepo, hubweka, na akiona hatari husimama kati ya mbuzi na adui. Mara nyingi hilo latosha.

Damu humpa moyo wa kulinda. Kumlinda nani, hilo hujifunza utotoni, na muda wenyewe ni mfupi. Mlete zizini akiwa na wiki 8, na hadi wiki ya 16 asilale kwingine. Mtengee kona yenye wavu anaoweza kupita yeye mbuzi wakashindwa, ili akizidiwa apate pa kukimbilia. Mweke na mbuzi watatu au wanne wapole waliozoea mbwa. Beberu hafai, wala mbuzi aliyezaa juzi: mtoto wa mbwa akipigwa pembe wakati huu huenda akawaogopa mbuzi maisha yake yote. Chakula chake kiwe ndani ya ile kona. Mbuzi wakifika bakulini ataanza kuwang'ata, na kosa hapo ni la aliyeweka bakuli.

Usiwachukue ndugu wawili wa uzao mmoja. Watacheza wao kwa wao na mbuzi watawasahau.

Kila siku mshike masikio, miguu na mdomo. Mfundishe jina lake, kuja akiitwa, kuvaa kola, kutembea na kamba na kupanda gari. Asipoguswa kabisa, siku ya chanjo hakuna atakayemweza akiwa na kilo 55. Ila haya yote yafanyike zizini. Ukimzoesha kibarazani na watoto wa nyumbani, atalinda kibaraza.

Kati ya miezi 6 na 18 ndipo wengi hukata tamaa. Mwili umekuwa mkubwa, akili bado ya kitoto: atawakimbiza mbuzi, atatafuna masikio, atavuta mikia. Huo ni mchezo, lakini mwana-mbuzi hufa kwa mchezo huo. Mkemee palepale, siyo dakika tano baadaye, kisha mhamishie kwa mbuzi wazima wasiokimbia. Akizidi, ning'iniza kwenye kola kijiti kinachogonga magoti yake anapokimbia tu, akitembea kisimsumbue. Kijiti hicho ni cha muda, na ukiwa karibu. Usimwache peke yake na wana-mbuzi kabla hajatimiza miezi 18, hata kama ametulia wiki nzima. Na usimfunge mnyororo kutwa: atakuwa mkali asiyebagua mgeni na mwenyeji.

Huko Uturuki wachungaji huwapa uji mzito wa unga wa shayiri, uitwao yal. Kwa mtoto anayekua, uji peke yake una protini kidogo. Mpe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, mara tatu kwa siku hadi miezi 6, kisha mara mbili. Usimwongezee kalisi kwa kudhani utamkomaza mifupa. Ikizidi, viungo hukua vibaya. Mbavu zake uzihisi kwa vidole. Unene katika umri huu huharibu nyonga.

Maini na mapafu mabichi usimpe kamwe. Ndiyo njia ya minyoo wa tegu ambao mayai yao, yakitoka kwenye kinyesi cha mbwa, humletea mtu uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Turkana wanaujua vizuri ugonjwa huo. Mpe dawa yenye prazikwanteli, miligramu 5 kwa kilo ya uzito. Panapochinjwa mara kwa mara, kila wiki 6. Chanjo za parvo na distempa zianze wiki ya 6 hadi 8, zirudiwe kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa achanjwe akiwa na miezi 3, kisha baada ya mwaka.

Manyoya yake yana tabaka mbili, usiyanyoe hata kwenye joto. Mpe kivuli na maji, na umchane anapopukutika.

Kifua chake kirefu kina hatari moja: tumbo kujaa gesi na kujipinda. Usimlishe mlo mmoja mkubwa, wala asikimbie akiwa ameshiba. Ukimwona anajaribu kutapika na hakitoki kitu, tumbo limebana kama ngoma, mate yanamtiririka na hatulii, hakuna dawa ya nyumbani. Ni upasuaji, na ni saa chache tu, kwa hiyo namba ya daktari wa mifugo anayeweza kupasua usiku itafute kabla mbwa hajafika nyumbani.