Mbwa au Paka? Pima Nyumba Kabla ya Kuchagua Mnyama

Wengi huanza na sifa za mnyama: mbwa ni mwaminifu, paka ni msafi. Huko ni kuanzia mwisho. Mnyama utakayemchukua leo atakaa nawe miaka 10 hadi 15, na muda wote huo atategemea nafasi uliyonayo, mtu wa kukaa naye, chakula cha kila siku na fedha ya daktari wa mifugo. Kwa hiyo pima nyumba kwanza. Mara nyingi nyumba yenyewe hutoa jibu.

Nafasi na saa

Kama umepanga chumba na sebule, ua ni wa wapangaji wote na geti hufunguliwa na kila mtu, chukua paka. Mbwa katika ua wa namna hiyo atafungwa mnyororo kutwa, maana kuna watoto wa majirani na watu wanaopita na biashara zao. Mbwa wa mnyororo huharibika. Hubwekea hata kuku, shingo hutoka vidonda, na siku mnyororo ukikatika humng'ata wa kwanza anayekutana naye, ambaye mara nyingi ni mtoto.

Kama ua ni wako, uzunguke wote kwa miguu. Ukuta au uzio wa mita 1.5 hadi 1.8 unawatosha mbwa wengi. Angalia nafasi iliyo chini ya geti: ikizidi sentimita 10, mtoto wa mbwa atapita. Michongoma peke yake haimzuii mbwa. Hutafuta upenyo chini hadi aupate. Banda la mbwa wa kilo 25 liwe na angalau mita 2 kwa 1.5, sakafu ya saruji yenye mteremko ili mkojo utoke, nalo lijengwe chini ya mti. Bati lililo juani mchana huligeuza banda kuwa tanuri, na mbwa hatoki jasho kama binadamu. Hupoza mwili kwa kuhema.

Sasa hesabu saa. Mbwa anahitaji mtu mzima wa kumtembeza, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na mtoto wa mbwa hafai kuachwa peke yake zaidi ya saa tatu au nne. Paka hulala zaidi ya nusu ya siku. Ukitoka saa moja asubuhi na kurudi jioni hatateseka, alimradi ana maji, chakula na choo.

Pwani na Visiwani kuna jambo la kuzungumza mapema. Waislamu wengi huko hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda ana ruhusa, ila vyombo vyake na njia zake hutengwa na mahali pa kuswalia. Paka hana shida hiyo na hupita hadi juu ya mkeka. Kama mwenye nyumba au jirani wa ukuta kwa ukuta ni mtu wa kuswali, mwendee kabla hujaleta mbwa, wala usingoje akulalamikie.

Unamtaka kwa kazi gani?

Kama tatizo ni panya, paka anatosha, lakini jua mipaka yake. Panya wadogo wa jikoni huwamaliza au huwafukuza. Panya buku wengi humshinda, na paka mwenye akili huwaacha wapite. Kuna imani kwamba paka akishibishwa hawindi. Si kweli. Paka huwinda kwa silika hata akiwa ameshiba, na ukimnyima chakula atahamia kwa jirani au atapanda mezani kwako. Mlishe vizuri, na usitege sumu ya panya katika nyumba yenye paka au mbwa: akimla panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa.

Kama tatizo ni wezi, mbwa wa kienyeji mwenye afya, aliyelelewa vizuri, hufanya kazi hiyo vyema na kwa gharama ndogo kuliko mbwa wa Kijerumani ambaye hutaweza kumlisha. Kinachoharibu walinzi wengi ni desturi ya kumfungia mbwa bandani tangu utotoni "ili awe mkali". Kati ya wiki ya 3 na ya 14 mtoto wa mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani. Asipoona watoto, bodaboda, mwenye kanzu na mwenye mwavuli katika wiki hizo, akiwa mkubwa ataviogopa vyote, na mbwa mwenye hofu hung'ata bila kuchagua. Mlinzi mzuri ni yule aliyewazoea watu wa nyumbani na wageni wa mchana, kisha akamshangaa anayeruka ukuta usiku.

Hesabu ya sufuria

Mbwa mzima wa kilo 20 hula takriban gramu 300 hadi 350 za chakula kikavu cha dukani kwa siku, yaani kilo 10 kwa mwezi. Paka wa kilo 4 hula kama gramu 60, haifiki kilo 2 kwa mwezi. Ukimpikia mbwa ugali wa dona na dagaa au mabaki ya nyama inawezekana, lakini ugali mtupu humdhoofisha, na unga uliovunda humuua: kuvu wa mahindi hutoa sumu inayoharibu ini. Unga ambao wewe huwezi kuula, usimpikie yeye. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Vitunguu, vitunguu saumu, zabibu na chokoleti vyote ni sumu kwake.

Paka ni mla nyama halisi. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, nayo ni kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki. Akikosa, macho na moyo huharibika polepole. Ugali na maziwa si mlo wa paka, na maziwa yenyewe huwaharisha paka wengi wazima. Mpe dagaa walioloweshwa kuondoa chumvi, samaki aliyepikwa, utumbo na moyo wa kuku, na maji safi kila siku.

Choo cha paka ni beseni la sentimita 45 kwa 30 lenye mchanga au maranda ya mbao kina cha sentimita 5 hivi. Lisikae karibu na chakula chake. Zoa kinyesi kila siku. Paka akianza kunya pembeni ya beseni, kwanza angalia usafi. Lakini dume anayejikamua bila mkojo kutoka apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa njia ya mkojo ikiziba hufa ndani ya siku chache. Usafi wa kila siku unamlinda pia mama mjamzito: vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vikiwa katika kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Hata hivyo kazi hiyo aifanye mtu mwingine. Si lazima kumfukuza paka kwa sababu ya mimba.

Chanjo na dawa

Hapa hakuna tofauti ya mbwa na paka: wote wachanjwe kichaa cha mbwa wakifika miezi 3, warudie baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Muulize ofisa mifugo wa kata. Mara nyingi kuna kampeni za chanjo karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa aongezewe chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, kuanzia wiki ya 6 hadi 8, ikirudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Watu wengi huchanja mara moja na kuacha, halafu hushangaa mtoto wa mbwa akiharisha damu. Kinga ya maziwa ya mama hufifisha chanjo za mwanzo, ndiyo maana hurudiwa.

Mnyama yeyote akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki 2 kuanzia wiki ya 2 ya umri hadi ya 8, kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3. Kupe na viroboto huhitaji tahadhari zaidi kwa paka. Dawa ya mbwa yenye permethrini, sumu ya kuua wadudu, humtia paka degedege na kumuua, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kabisa. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima.

Mhasi mapema. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, mimba ni wiki 9, na mitaa imejaa watoto wa paka waliotupwa kwenye maboksi.

Siku ya kumchagua

Usimchukue chini ya wiki 8. Mfunue mdomo: fizi ziwe za waridi, zisiwe nyeupe, weupe ni dalili ya minyoo au kupe. Tumbo lililovimba juu ya mbavu zinazoonekana ni minyoo. Angalia ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya vidole, maana kupe hujificha humo. Kisha chuchumaa usogeze mkono taratibu: anayekuja kunusa atakuzoea upesi, anayejibana kona atahitaji mtu mwenye muda mwingi.

Ukiwataka wote wawili, mlete paka kwanza. Mbwa akija, watenganishe kwa mlango wiki nzima, wabadilishane vitambaa vya kulalia ili kila mmoja anuse harufu ya mwenzake, kisha wakutane mbwa akiwa kwenye kamba na paka akiwa na mahali pa juu pa kurukia. Paka akiacha kula katika wiki hiyo, hesabu saa: zikifika 48, mpeleke kwa daktari, kwa kuwa paka mwenye njaa huharibika ini upesi kuliko mbwa.