SOMO: Kupunguza uzito wa gari la spoti unalotembelea kila siku (nimetumia Toyota Altezza RS200)

Wakuu, salaam. Wiki hii nimeandikiwa meseji nne zinazouliza kitu kilekile: "nitoe nini gari liwe jepesi?" Sijibu tena mmoja mmoja. Ukiniuliza nitakurushia linki ya uzi huu basi.

Gari langu ni Altezza RS200 ya 1999, namba ya modeli SXE10, injini 3S-GE BEAMS, gia sita za mkono. Naenda nalo kazini kila siku, Tegeta hadi Posta hapa Dar, na Jumapili linabeba familia. Kwa hiyo hili ni somo la gari la barabarani. Kama la kwako ni la mashindano tu, tafuta wanaofunga fremu za mabomba ndani, wao wana sheria zao.

1. Pima kwanza. Kwenye karatasi gari hili lina kama kilo 1,340. Langu nililipandisha mizani ya malori kwenye yadi ya kokoto, tangi nusu, mimi nimeshuka: 1,400. Mizani ya malori husoma kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo haitakuonyesha kilo tano. Spea moja moja nilipima kwa jamaa wa chuma chakavu mtaani. Kila nikifika alikuwa anaanza kuhesabu hela akidhani naleta mzigo. Andika kila namba kwenye daftari, usiamini za mtu mwingine, hata za kwangu.

2. Toa ambacho si gari. Boksi la subwoofer na amplifaya yake: kilo 22. Dumu la maji, viatu, cheni ya kuvutia gari, na spana za gari nililouza miaka mingi iliyopita: kilo 9. Hizo ni kilo 31 na bado sijashika bisibisi.

3. Tairi la akiba, jeki na vifaa vyake. Kilo 17.5. Nimebakiza vifaa vya kuzibia pancha na pampu ndogo, kilo 2.5. Tairi likichanika ubavuni vifaa hivyo havikusaidii kitu, kwa hiyo nikienda mkoani narudisha vyote. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu havitoki.

4. Rimu. Aliyeniuzia gari alifunga rimu za kung'aa za inchi 18, kilo 12.5 kila moja bila tairi. Nimerudi kwenye inchi 17 za kiwandani, kilo 9.5. Jumla kilo 12, na niliuza zile za kung'aa kwa bei kubwa kuliko niliyonunulia hizi. Usinunue rimu "nyepesi" za kuiga zisizo na chapa wala alama ya mzigo zinaobeba. Kwa mashimo yetu itapasuka, na haitapasuka ukiwa umeegesha.

5. Betri. Ya risasi, kubwa, kilo 14. Nimeweka ndogo ya aina hiyohiyo, kilo 9. Inawasha vizuri ila ukiacha taa umeumia. Za lithiamu ni nyepesi zaidi, lakini bei yake na joto la kwenye boneti vimenishinda.

6. Sailensa ya nyuma. Ya zamani kilo 16, mpya kilo 8. Chagua isiyopiga kelele, una majirani.

7. Kiti cha dereva. Cha kiwandani kilo 19. Kiti cha baketi cha faiba (kile cha spoti kinachokumbatia mwili) pamoja na reli na mabano yake, 8.5. Cha abiria sikugusa kwa sababu anayekikalia alisema wazi kwamba hakitaguswa.

Kabla ya kuchomoa chochote chini ya kiti, toa waya hasi wa betri na usubiri zaidi ya sekunde 90. Waya za njano ni za eabegi. Usizipime kwa mita, usizikate, usiwashe swichi ukiwa umezichomoa, la sivyo taa itawaka kwenye dashibodi na itabaki inakuangalia. Halafu kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe. Ukitoa kiti umetoa na kifungio, kwa hiyo hakikisha kiti kipya kina sehemu imara ya kukirudisha. Mkanda wa kiwandani wa pointi tatu ubaki. Mikanda ya pointi nne kwenye kiti cha kawaida inaweza kukufanya uteleze chini ya mkanda wakati wa ajali, na tumbo ndilo linapokea.

8. Lami ya sakafuni. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Chini ya zulia kuna vipande vya lami vilivyobandikwa kwenye bati ili lisivume. Nilisoma mahali kwamba vinatolewa, basi Jumamosi moja nikang'oa viti na zulia, nikashika patasi na blowa ya moto. Lami haikutoka, ikalainika ikawa inavutika kama bablishi. Nikamwaga petroli kidogo kuondoa mabaki. Petroli, na blowa ya moto mkononi, ndani ya boksi la bati. Nilipoanza kuona kizunguzungu ndiyo nikatoka nje, na mpaka leo najua Mungu alininusuru tu. Usirudie hilo.

Patasi ilikuwa imekwangua rangi mpaka bati jeupe sehemu nyingi. Nilisema nitapaka wiki ijayo. Vile vizibo vya mpira vya sakafuni nilivitoa vitatu ili maji ya kuoshea yatoke, nikarudisha viwili. Kikaja masika. Maji yalipanda kupitia tundu, zulia likanyonya, na Tegeta upepo wa bahari haulali. Mwezi wa saba nikaanza kusikia harufu ya uvundo. Asubuhi moja nikakanyaga kisigino karibu na klachi nikasikia kitu kinakatika chini yangu kama ganda la korosho. Nikainua zulia, nikabonyeza kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili. Mchomeleaji alikata kipande cha bati ukubwa wa viganja viwili na akanitoza hela ambayo ingetosha rimu.

Lami yote niliyotoa ilikuwa kilo 7. Saba!

Ukitaka lazima, tumia barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), uliza wanaouza gesi za viwandani. Ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Unaitandaza juu ya lami, inakakamaa, unagonga kwa nyundo ya mpira inapasuka vipande. MAONYO: milango yote wazi, kwa sababu gesi yake ni nzito kuliko hewa, inajaa chini ndani ya gari na wewe ndiwe umeinama humo. Glavu nene, si za kuoshea vyombo. Miwani. Usiifungie kwenye chombo kisichopumua, kitapasuka. Usiibebe garini na vioo vimepandishwa. Ukimaliza, kila mkwaruzo siku hiyohiyo msasa, praima ya kuzuia kutu, rangi. Vizibo vyote virudi na silanti (gundi ya kuzuia maji). Na sehemu ya katikati inayopita juu ya eksozi iache kama ilivyo, pamoja na ngao yake ya joto. Mimi niliikwangua, na foleni ya Mwenge soli ya ndala ilinata sakafuni.

Zulia rudisha. Gari bila zulia ni kopo la mawe.

Ambavyo sikugusa: boriti zilizo nyuma ya bampa, vyuma vya ndani ya milango, eabegi, ABS (inayozuia tairi kugoma ukifunga breki), AC. Kiti cha nyuma kina watoto.

Jumla ya daftari: kilo 88.5. Nikarudi yadi ya kokoto na tangi nusu vilevile: 1,320. Kwa uwiano wa uzito na nguvu, kama injini bado ina farasi zake 210, ni sawa na kuongeza farasi 14 hivi. Tofauti ni kwamba breki nazo zimepata nafuu, na tairi pia.

Maswali chini. Soma kwanza.

—

Spidi_Tabata: Mkuu somo zuri sana. Sasa kwa ufupi nianze kutoa nini?

Mwandishi: Namba 1.

Spidi_Tabata: Namba 1 hujatoa kitu hapo, umepima tu.

Mwandishi: Ndiyo.

Chuma_Chepesi: Boriti ya bampa la mbele nimeitoa mwaka jana, inapungua nzuri na haionekani kwa nje. Mbona wewe unaogopa?

Mwandishi: Siogopi, nina watoto. Ile ndiyo inayopokea kishindo kabla hakijafika kwenye chasisi na kwako. Gari lako linasubiri bodaboda mmoja afunge breki ghafla mbele yako. Irudishe, na usimshauri mwingine hapa.

Chuma_Chepesi: Sawa profesa.

Dogo_wa_Moshi: Kaka naomba kuelewa, wanasema kilo moja kwenye rimu ni sawa na kilo kumi kwenye bodi. Ni kweli? Na kwa nini iwe tofauti wakati zote ni kilo?

Mwandishi: Dogo umeuliza vizuri. Kumi ni chumvi. Ukihesabu kuongeza mwendo peke yake, uzito ulio kwenye ukingo wa tairi unahesabika kama mara mbili hivi, kwa sababu inabidi uusukume mbele na papo hapo uuzungushe. Ulio karibu na kitovu hata mbili haufiki. Ndiyo maana tairi zito linaumiza kuliko kitovu kizito: tairi liko mbali na katikati. Chukua gurudumu la baiskeli, lishike ekseli, lizungushe, ujaribu kulisimamisha kwa kidole. Kisha funga vipande vya chuma kwenye spoku karibu na katikati, halafu vihamishie ukingoni, utasikia tofauti mwenyewe.

Lakini faida kubwa kwetu ni ya pili. Rimu haibebwi na springi, iko chini yake. Ikipanda tuta, springi na shokomzoba ndizo zinazopaswa kuirudisha ardhini. Ikiwa nzito inachelewa kurudi, na tairi lililoko hewani halishiki barabara. Pita barabara ya vumbi yenye makunyanzi, ndipo utajua. Zile kilo 12 za rimu nilizisikia zaidi kuliko zile 31 za buti.

Dogo_wa_Moshi: Asante sana kaka. Kwa hiyo hata diski za breki?

Mwandishi: Hata hizo, ila usiweke diski ndogo ili upunguze uzito. Wewe unashuka milima huko.

Mzee_Kijiko: Kijana, mimi nimetoa kiti cha nyuma, tairi la akiba, na vitambaa vyote vya buti. Sasa mvua ikinyesha mkia unatupa. Zamani haukuwa hivyo. Fundi anasema ni tairi.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Tairi angalia kweli, ila na hili lipo: vitu rahisi kutoa karibu vyote viko nyuma. Kama gari lako linasukumwa na tairi za nyuma kama langu, umepunguza uzito palepale zinaposukumia, na mbele hujatoa chochote. Springi za nyuma sasa zimebeba mzigo mdogo, kwa hiyo mkia umeinuka na pembe za tairi zimebadilika. Nakushauri urudishe kiti kwanza, tena idadi ya viti iliyoandikwa kwenye kadi ya gari isije ikakuletea maneno na bima. Kisha pima alaimenti. Ukitaka kuendelea kutoa, toa mbele: betri ndogo ni mwanzo mzuri.

Mzee_Kijiko: Marahaba. Nitafanya hivyo.

Mwandishi: Na mzee, pale ulipotoa kiti, ukiona matundu kati ya buti na ndani, yazibe. Moshi wa eksozi hupita hapo.

Turbo_Tandika: AC je? Watu wanasema kilo 20.

Mwandishi: Yangu sijaipima kwa sababu sijaitoa. Dar, mwezi wa pili, kwenye foleni. Halafu wakati wa masika AC ndiyo inayokausha ukungu kwenye kioo. Ukitoa, gesi ivutwe na fundi mwenye mashine, usifungue nati ikapulizia usoni.

Binti_wa_Gereji: Nyongeza yangu: kila bolti unayotoa iweke kwenye mfuko wake na uandike jina kwa kalamu nzito, na upige picha kabla. Bolti za mkanda na za kiti msichanganye na za kawaida, zile ni chuma kigumu zaidi. Nimewahi kuletewa gari mkanda umefungwa na bolti ya betri.

Mwandishi: Dada, hii ilitakiwa iwe namba 1 na nusu. Asante.

Binti_wa_Gereji: Na kuhusu tangi: lita 20 za petroli ni kama kilo 15, lakini msitembee na taa ya mafuta kila siku ili gari liwe jepesi. Pampu iliyo ndani ya tangi inapoozwa na mafuta hayohayo. Nazibadilisha sana.

Mkali_wa_Kona: Kilo 88 tu? Si ungepunguza kitambi.

Mwandishi: Nacho nilikipima kwa yule jamaa wa chuma chakavu. Hatua hiyo sikuiandika kwa sababu mimi hufundisha nilichoweza.

Dogo_wa_Moshi: Kaka swali la mwisho. Kiwandani wenyewe wanapunguzaje?

Mwandishi: Kwa njia hizihizi, ila wao huanzia kwenye mchoro. Porsche 911 Carrera RS ya 1973, ile nyepesi, ilitoka bila kiti cha nyuma, vioo vyembamba, bati jembamba sehemu kadhaa, na mlango unafungua kwa kuvuta kamba. Tofauti ni kwamba wao walifikiria mapema kuliko mimi.

Spidi_Tabata: Mkuu nimepima. 1,420 na subwoofer.

Mwandishi: Safi. Sasa namba 2.

Spidi_Tabata: Subwoofer siitoi. Ila ile yako unauza?

Mwandishi: Iko sebuleni, mama watoto ameweka maua juu yake. Haitoki.