Unameza dawa za kifafa na unataka mimba? Fanya hivi
Kwanza kabisa usiache dawa ghafla eti unamlinda mtoto, kifafa kikikushika ukaanguka mnaweza kuumia wote wawili. Dawa ya kifafa ya kuogopa hasa ni valproeti, mama akiimeza akiwa na mimba karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro mwilini, na 3 mpaka 4 kati ya 10 wanapata shida ya kujifunza au kuchelewa kuongea, kwa hiyo muone daktari kabla hujashika mimba akubadilishie pole pole. Dawa nyingine za kifafa, lamotrijini na levetirasetamu, ni salama zaidi, ila lamotrijini hupungua kwenye damu mimba ikikua, itabidi upimwe na dozi ipandishwe, halafu ukishajifungua ishushwe. Foliki asidi (ni vitamini) anza mapema, kabla hujashika mimba. Kunyonyesha? Wengi wananyonyesha freshi tu, mcheki mtoto asilale kupita kiasi.