Unataka kuandika historia ya chama cha roketi cha raia? Anza na kilichowakwamisha

Wengi wakiandika historia ya hivi vyama vya raia waliokuwa wakichanga hela zao wenyewe kutengeneza roketi, wanaanza na roketi iliyofika juu zaidi. Mi nakushauri anza na kilichowakwamisha, maana hapo ndo utaelewa kwa nini wengine walirusha na wengine wakabaki kuchora.

Chukua British Interplanetary Society, Philip Cleator aliianzisha Liverpool mwaka 1933. Ukitafuta roketi walizorusha miaka ile utatoka kapa, unaweza kudhani walikuwa wanapiga soga tu. Sasa hebu tafuta sheria, utakuta Uingereza kulikuwa na sheria ya vilipuzi ya 1875 iliyowazuia raia kujaribu roketi, ndo wakahamishia nguvu zote kwenye mahesabu, mwishoni mwa miaka ya 1930 wakasanifu chombo cha kwenda mwezini, na miaka ya 1970 wakatoa Daedalus, mchoro wa chombo kisicho na watu cha kwenda Nyota ya Barnard. Kazi nzuri sana ile.

Ukishajua kikwazo, chagua jaribio moja ulichimbe mpaka mwisho. Kwa mfano American Interplanetary Society ya New York, tarehe 14 Mei 1933 walirusha roketi pale Staten Island, inatumia petroli na oksijeni ya kimiminika, ikapanda kama mita 75 hivi, sekunde 2 tu, tangi la oksijeni likapasuka. Usiandike "ilifeli" afu ukapita! Fuata walichojifunza baada ya hapo. Injini zao zilikuwa zinaungua kwa joto, mwaka 1938 mwenzao James Wyld akapitisha mafuta kuzunguka ukuta wa injini kwanza, yaipoze, ndo yaingie kuchomwa. Mwaka 1941 yeye na wenzake wakafungua kampuni, Reaction Motors, na injini ya kampuni hiyo ndo iliyoisukuma ndege ya majaribio Bell X-1 kupita kasi ya sauti mwaka 1947.

Angalia na nani alikuwa analipa. Wajerumani wa Verein für Raumschiffahrt, chama cha 1927, waliishiwa hela, jeshi likaja na zake, na mwanachama wao, mhandisi wa roketi Wernher von Braun, akaenda kulifanyia kazi jeshi hilo 1932.

Halafu usisahau majina hubadilika, hao wa New York waliitwa American Rocket Society kuanzia 1934 na mwaka 1963 wakaungana na wengine kuwa AIAA (American Institute of Aeronautics and Astronautics), kwa hiyo kwenye maktaba tafuta kwa majina yote matatu.