Kichwa kikigonga mkeka: kumpima mwanamieleka wa chuo na kushughulikia saa ya jeraha

Bega likiteguka, ukumbi mzima huona. Mtikisiko wa ubongo hauna damu, mara nyingi hauna hata uvimbe, na aliyeupata ndiye wa kwanza kusema "niko poa, refa, tuendelee". Sheria za muda wa jeraha kwenye mieleka zilitungwa zaidi kwa ajili ya bega, goti na vidole. Usipoziandalia njia ya kichwa mapema, zitamsukuma kijana arudi kupigana.

Chukua kanuni za UWW, shirikisho la mieleka duniani. Pambano la watu wazima ni vipindi viwili vya dakika 3, na mapumziko ya sekunde 30 katikati. Mwanamieleka akisimamisha pambano bila damu wala jeraha linaloonekana, mpinzani hupewa pointi 1. Lengo ni kuzuia ujanja wa kujiangusha ili kuvuta pumzi, na kwa hilo inafaa. Lakini mtikisiko wa ubongo ndio hasa jeraha lisiloonekana, na kijana anayeongoza 4–3 hatainua mkono kusema anaona mbilimbili.

Vyuo vya Marekani vina mpango tofauti. Chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, pambano ni dakika 7 (3, 2 na 2), na kila mwanamieleka ana sekunde 90 za jeraha kwa pambano zima. Sekunde hizo hujumlishwa, hazianzi upya kila anapoumia, na akizitumia mpinzani ndiye anayechagua mkao wa kuanzia tena. Damu ina saa yake. Kichwa kinapotiliwa shaka, wahudumu wa afya hupewa muda usio na kikomo, bila mtu kuwaingilia, na muda huo haukatwi kwenye zile sekunde 90. Tangu 2010 NCAA pia inavitaka vyuo viwe na mpango ulioandikwa wa kushughulikia mtikisiko wa ubongo, na mwanafunzi aliyethibitishwa kuwa nao harudi kucheza siku hiyo.

Ukiandaa mashindano ya vyuo hapa Nairobi, utafuata kanuni za UWW kwenye pointi, lakini utaratibu wa kichwa unaweza kuazima kwa Wamarekani. Ulete kwenye mkutano wa makocha asubuhi, mara tu baada ya kupima uzito, na kila kocha atie sahihi. Mambo yenyewe ni haya. Refa au mhudumu wa afya akisimamisha pambano kwa sababu ya kichwa, mpinzani hapati pointi na saa ya jeraha haiendi. Kocha anabaki kwenye kona yake, hasogei mkekani wala haongei na mwanamieleka wakati anapimwa. Neno la mwisho ni la daktari au afisa wa kliniki asiye wa chuo chochote kinachoshindana. Anayetiliwa shaka ameshamaliza siku. Sharti hili la mwisho ndilo makocha hulibishia zaidi, hasa ikiwa kuna fainali saa kumi. Usilegeze.

Asubuhi hiyo hiyo chagua hospitali, na usisubiri mtu aanguke. Unataka yenye skani ya CT inayofanya kazi na daktari wa upasuaji wa ubongo anayepatikana. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni mojawapo, lakini piga simu uulize hali ya siku hiyo. Ikiwa mnapigania Kasarani, kumbuka foleni ya Thika Road ya Jumamosi jioni. Ambulensi iegeshwe ikitazama lango, na machela ipimwe kama inapita mlangoni. Kumbi nyingi zina mlango mmoja mpana, na siku ya mashindano ndio unaozibwa kwa viti.

Mtu akianguka na kichwa, refa apige kipenga na kila mtu asimame. Asiinuliwe, asitikiswe, asimwagiwe maji. Maji ya chupa usoni ni mazoea mabaya ya viwanja vyetu: yanamfanya ageuze shingo ghafla, na shingo ndiyo unayotakiwa kuishughulikia kwanza. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, mwingine aulize: shingo inauma? Mikono inakufa ganzi? Unaweza kusogeza vidole vya miguu? Jibu moja likiwa baya, abaki hapo hapo, kola ya shingo ifungwe, machela iletwe. Aliyezimia na hajaamka mchukulie kama aliyevunjika shingo hadi ithibitishwe vingine.

Shingo ikiwa salama, kuna dalili zinazofunga pambano bila swali hata moja: kuzirai hata kwa sekunde, mikono kukakamaa hewani baada ya kuanguka, degedege, kuyumba anaposimama, macho yaliyoduwaa yasiyomtazama mtu, kuuliza jambo lile lile mara mbili. Ndiyo maana msaidizi mmoja wa huduma ya kwanza anapaswa kutazama mkeka wakati wote badala ya simu. Sekunde mbili za kukakamaa hupita kabla hujageuka, na mwenyewe hatazikumbuka. Kama kuna kamera, rudia picha.

Asipoonyesha dalili hizo, uliza maswali matano ya haraka:

Tuko ukumbi gani leo?
Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili?
Nani amepata pointi za mwisho?
Pambano lako lililopita ulipigana na nani?
Ulishinda au ulishindwa?

Kosa moja linatosha kumtoa. Akijibu yote sawasawa lakini bado una shaka, mtoe pia, kwa sababu kupima ubongo vizuri hakuwezekani mkekani. Saa isiyohesabu pale inakupa nafasi ya kuamua jambo moja tu: kuna shaka au hakuna.

Kipimo chenyewe hufanywa nje ya mkeka kwa fomu ya SCAT6, ya wahudumu wa afya, iliyotokana na mkutano wa wataalamu wa Amsterdam wa 2022. Ni ya kuanzia umri wa miaka 13, na inataka si chini ya dakika 10 hadi 15. Anayeimaliza kwa dakika nne ameruka kitu. Tafuta chumba kimya mbali na ngoma na vuvuzela, na mwache mwanamieleka apumzike kwanza dakika 10, maana moyo unaodunda kwa pambano huharibu sehemu ya mizani, yaani kusimama bila kuyumba.

Kuna dalili 22, kila moja hupewa alama 0 hadi 6. Kisha maneno 10 yanayosomwa mara tatu, akirudia anayoyakumbuka, halafu tarakimu kinyumenyume, halafu miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Mizani ni mikao mitatu ya sekunde 20 kila mmoja, macho yamefumbwa: miguu pamoja, mguu mmoja, na kisigino mbele ya vidole. Mwisho anarudia yale maneno 10, lakini angalau dakika 5 ziwe zimepita tangu kuyasikia.

Makosa hutokea hapa. La kwanza ni lugha. Mwanafunzi wetu amezoea kusema "mwezi wa saba". Ukimwambia ataje Desemba, Novemba, Oktoba kwa Kiswahili atakwama hata akiwa mzima kabisa. Tumia lugha ile ile aliyopimwa nayo mwanzo wa msimu akiwa mzima, ili alama zilinganishwe, na iandikwe kwenye fomu. La pili ni kupima mizani juu ya mkeka laini. Mpeleke sakafuni na avue viatu. La tatu ni kipimo cha mwanzo wa msimu kilichofanywa siku ya kupima uzito. Kijana aliyefunga maji na kukimbia akiwa amevaa jaketi mbili ana kichwa kinachouma na akili nzito, na alama zake mbovu za siku hiyo zitamfanya aonekane mzima siku atakapoumia kweli. Pima katikati ya wiki, ameshiba, amelala. Badilisha pia orodha ya maneno. Wakikaa chumba kimoja hosteli hufundishana.

Hata alama zote zikiwa nzuri, shaka iliyomtoa mkekani haifutiki. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, hata siku mbili. Skani ya CT nayo haionyeshi mtikisiko wa ubongo. Kazi yake ni kutafuta damu inayovuja ndani au fuvu lililopasuka, kwa hiyo "picha iko safi" si ruhusa ya kupigana.

Asirudi hosteli peke yake, na asipande boda. Mwenzake wa chumba apewe karatasi yenye dalili za kukimbiza hospitali: kutapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi ambao haamki, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, kuona mbilimbili, tabia kubadilika. Kulala kunaruhusiwa, hakuna haja ya kumwamsha kila saa ikiwa daktari ameshamwona na kumruhusu. Pombe hapana. Aspirini na ibuprofeni asinywe siku za mwanzo kwa hofu ya damu, paracetamol inatosha.

Saa 24 hadi 48 za kwanza ni mapumziko ya wastani, si kufungiwa gizani. Atembee taratibu, apunguze simu na kompyuta. Kisha anapanda ngazi, kila moja angalau saa 24: shughuli za kawaida, baiskeli ya mazoezi au kukimbia polepole, mazoezi yake peke yake ya miguu na mkao bila kugongwa, mbinu ngumu zaidi bila mapambano, mazoezi kamili na mwenzake, na hatimaye mashindano. Kichwa kikiuma kidogo kwa muda usiozidi saa moja katika ngazi za mwanzo si mkasa. Kikizidi hapo asimamishe, ajaribu tena kesho. Hawezi kuingia ngazi ya nne akiwa bado na dalili, na kabla ya ya tano daktari aandike ruhusa. Daraja la shingo (kubeba mwili kwa kichwa na miguu) na kurushwa kwa mgongo visubiri ngazi hiyo ya tano. Kupunguza uzito kusiwepo kabisa katika kipindi hiki. Wengi hupona dalili ndani ya wiki mbili, lakini kurudi mashindanoni kunaweza kuchukua mwezi, na masomo yarudi kwanza. Aombewe kuahirishiwa CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula. Asiyeweza kukaa na mtihani saa mbili hayuko tayari kwa mkeka.

Kinga ya masikio haimsaidii hapa. Inazuia sikio kuvimba na kukunjamana, basi.

Fomu ya SCAT6 na barua ya daktari vitolewe nakala. Vijana wengi wa mieleka hucheza pia raga au judo, na aliyezuiwa Ijumaa kwenye mkeka huonekana Jumamosi uwanjani amevaa jezi nyingine. Nakala moja iende kwa kocha wa mchezo huo wa pili siku hiyo hiyo.