Kupunguzia taya mzigo: meno yasigusane mchana

Jirani yangu mmoja hapa Masasi ni mama anayebangua korosho nyumbani. Msimu uliopita alianza kuumwa mbele ya sikio la kushoto, na kila asubuhi mdomo ulifunguka kwa shida. Alikuwa ameshatumia dawa za sikio mara mbili. Sikio lilikuwa zima. Pale panapouma ndipo kiungo cha taya kilipo, na katikati yake kuna kisahani cha gegedu kinachotenganisha mifupa miwili. Sehemu ya kati ya gegedu hilo haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, taya inapojongea na kupumzika. Likibanwa mfululizo saa nyingi linaweza kuchakaa, na mfupa wa chini yake ukaanza kubadilika umbo.

Hatua ya 1: Pima
Simamisha vidole vyako vitatu kati ya meno ya mbele, ya juu na ya chini. Vikipita bila maumivu, vizuri. Taya ikilia "ta" bila kuuma, iache.

Hatua ya 2: Chakula
Kwa wiki mbili acha muhogo mbichi, miwa na bigijii. Pweza achemke mpaka alainike, kisha mkate vipande vidogo. Tafuna pande zote mbili. Soda fungua kwa kifungulio.

Hatua ya 3: Tenganisha meno
Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu. Nilimbana yule mama kwenye chakula, akala uji na ndizi za kuchemsha, maumivu yakabaki palepale. Siku moja nikakaa naye barazani akimenya ganda la ndani la korosho. Misuli ya panja ilikuwa imetuna.

"Mama, meno yako sasa hivi yanagusana?"

Akanyamaza kidogo. "Yanagusana, mwanangu. Kwani hayatakiwi?"

Hayatakiwi. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Muda mwingine wote midomo ifungwe kwa ulaini, meno yaachane kidogo sana, milimita mbili au tatu. Ili kuipata nafasi hiyo, anza kutamka "Newala" kisha ishia kwenye N. Ulimi umegusa kaakaa nyuma ya meno ya juu, na meno yameachana. Hapo ndipo pa kukaa.

Usiusukume ulimi kwa nguvu, maana utakuwa umeongeza kazi nyingine. Usiachame. Ukijikuta umekaza, legeza tu, hata kama ni mara hamsini kwa siku. Wiki ya kwanza huwa hivyo kwa wengi. Na kama unabangua, usijipapase taya kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Jikague kwa ulimi.

Kengele ya simu ya kujikumbusha siipendekezi. Tuliijaribu: ikilia alilegeza, dakika tano baadaye alikuwa amekaza tena. Kilichofaa ni uzi mwekundu tuliofunga kwenye mpini wa kisu chake cha kumenyea, kwa sababu macho yake yako pale siku nzima. Mwendesha bodaboda afunge kwenye usukani. Anayeinua gunia au ndoo atoe pumzi kwa mdomo wakati wa kuinua, kwani ukipuliza ni vigumu kukaza meno. Wiki ya nne mdomo wake ulipitisha vidole vitatu.

Hatua ya 4: Joto
Kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 15, jioni.

Hatua ya 5: Usiku
Usilalie tumbo wala kuegemeza taya kwenye kiganja. Kama unasaga meno usingizini, daktari wa meno akupime na kukutengenezea kinga ngumu ya kuvaa. Zile laini za dukani sizipendi. Wengine huzitafuna usiku kucha. Ukipiga miayo, shikilia kidevu kwa ngumi.

Mdomo ukikwama, wazi au umefungwa, usiulazimishe wala usikubali mtu auvute. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Fanya hivyo pia kama shavu limevimba na una homa.