Amplifaya ya hedifoni ya mfukoni: piga hesabu kabla ya kuchomelea

Wengi wanaotaka kujitengenezea amplifaya ndogo ya hedifoni huanza kwa kuuliza chipu ipi ni bora. Kwa maoni yangu swali hilo ni la tatu. La kwanza ni hedifoni utakayoitumia, na la pili ni betri, kwa kuwa katika kifaa cha mfukoni kila volti na kila miliampia unayoiongeza mahali pamoja huwa imepunguzwa mahali pengine. Nitatumia hapa muundo wa CMoy, uliopewa jina la mbunifu wake Chu Moy na ulioenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: opampu (chipu ya kukuza ishara) moja yenye njia mbili, ya kushoto na ya kulia, betri ya volti 9, na vijenzi vichache vinavyoenea ndani ya kopo la bati la peremende. Nimeutengeneza mara nyingi, na kila mara kuna jambo nililolibadilisha.

Hatua ya kwanza ni kusoma ukinzani wa hedifoni yako na kuupigia hesabu. Betri ya volti 9 ikigawanywa katikati hutoa volti 4.5 juu ya ardhi, yaani nukta ya sifuri ya saketi, na 4.5 chini yake. Opampu ya OPA2134, ambayo hutumiwa sana katika muundo huu, haifiki kwenye kingo hizo. Tukadirie kwamba kilele chake salama ni volti 3. Hedifoni ya omu 300, mfano Sennheiser HD 600, itadai miliampia 10 kwenye kilele hicho, na nguvu itakuwa miliwati 15 hivi. Hedifoni ya omu 32 ingedai miliampia 94 kwa volti zilezile, na hapo chipu inashindwa, maana hata ukiunganisha tokeo lake na ardhi moja kwa moja haitoi zaidi ya miliampia 40 hivi. Ukiipangia kazi ya miliampia 30, kilele kinashuka hadi karibu volti 1, na nguvu ni miliwati 14.

Majibu hayo mawili yanakaribiana, lakini sababu zake hazifanani kabisa. Hedifoni ya omu 300 imekwama kwa uhaba wa volti, na ile ya omu 32 imekwama kwa uhaba wa mkondo. Kwa hiyo anayeongeza betri ya pili ili hedifoni ya omu 32 isikike kwa nguvu zaidi anabeba uzito wa bure.

Hatua ya pili ndiyo chipu. Kwa hedifoni yenye omu nyingi, OPA2134 inatosha. Kwa zenye omu chache ninapendelea NJM4556A, ambayo hutoa hadi miliampia 70 kwa kila njia, huku ikiwa imetulia inatumia karibu miliampia 9 dhidi ya 8 za mwenzake. Gharama yake iko kwingine: huvuta mkondo mdogo kwenye ingizo, na mkondo huo ukipita kwenye rezista ya kiloomu 100 iliyomo kwenye muundo wa asili, huzaa volti nyoofu (DC, zisizo sehemu ya muziki) ambazo hukuzwa na kufika masikioni. Shusha rezista hiyo hadi kiloomu 22 na upandishe kapasita ya ingizo kutoka maikrofaradi 0.1 hadi 1. Kufanya hivyo kunashusha pia mpaka wa besi kutoka hezi 16 hadi 7.

Hatua ya tatu ni kiwango cha ukuzaji, na hapa ndipo ninapotofautiana na michoro mingi. Mchoro uliozoeleka una rezista za kiloomu 10 na 1, yaani ukuzaji wa mara 11. Kwa kiwango hicho, ishara yenye kilele cha volti 0.27 tu inatosha kugonga dari la betri, ilhali simu nyingi hutoa zaidi ya hapo. Matokeo yake ni kwamba unalazimika kuiacha potenshometa ya sauti (rezista ya kuzungusha inayopandisha na kushusha sauti) mwanzoni kabisa mwa mzunguko wake, mahali ambapo pande zake mbili hazilingani na sauti huelemea sikio moja, huku mvumo wa chipu nao ukikuzwa mara 11. Weka kiloomu 2.2 badala ya 10, upate mara 3.2. Chagua potenshometa ya logi, ambayo kwa kawaida huandikwa A10K. Ile ya herufi B itakurushia sauti yote katika robo ya kwanza.

Hatua ya nne ni ardhi ya kubuni, yaani ile sifuri ya katikati ya betri. Rezista mbili za kiloomu 4.7 hugawa betri, na kapasita mbili hubeba mkondo unaorudi kutoka hedifoni. Maikrofaradi 220 kila moja zinafaa kwa omu 300. Kwa omu 32, besi inapotoka pande zote mbili kwa pamoja, zinaanza kuchoka kwenye hezi 23 hivi, kwa hiyo weka 470 iwapo kopo linaruhusu. Betri mbili za volti 9 huondoa hitaji la ardhi ya kubuni, lakini swichi lazima izikate zote kwa mpigo mmoja, kwani ikibaki moja tu, volti nyoofu huenda kwenye hedifoni.

Kuhusu muda, betri ya alkali ina takriban miliampia-saa 500. Kwa matumizi ya miliampia 10, ikiwemo taa ndogo, ni saa 50 kwenye karatasi, na pungufu ya hapo ukisikiliza kwa sauti kubwa. Betri za kuchajiwa za nikeli, zenye kama 200, hazifiki hata nusu ya muda huo.

Unapounganisha, anza na sehemu ya umeme peke yake, bila chipu kwenye soketi. Pima: kila upande wa ardhi uwe na nusu ya volti za betri. Kisha weka chipu, punguza sauti hadi mwisho, na upime tokeo la kila njia dhidi ya ardhi. Ikizidi milivolti 20, usiunganishe hedifoni hadi uligundue kosa.

Kopo la bati liguse ardhi ya kubuni tu, kamwe lisiguse hasi ya betri. Niliwahi kulisha amplifaya na simu kutoka pawabenki moja kupitia kipandishaji cha volti, nikasahau kwamba waya wa sauti wa simu ungeunganisha ardhi yangu ya kubuni na hasi ya pawabenki. Sauti ilitoka imekatwa nusu, na mita ikaonyesha zaidi ya volti 1 nyoofu kwenye tokeo. Bahati nzuri hedifoni iliyokuwa imechomekwa ilikuwa ile ya bei rahisi ninayoiweka kwa majaribio, na tangu hapo amplifaya hii ninailisha kwa betri yake yenyewe tu.